Sindano Sitini na Masikio ya Dalmas

Watu wa Kaloleni walikuwa wakisema kwamba Dalmas Oduor alizaliwa masikio kwanza, mwili ukafuata siku ya tatu. Akiketi kibarazani pake pale Kisumu, anasikia gari moshi likipiga honi Muhoroni, tena anakwambia limebeba sukari au limebeba watu. Mara moja alisimama kanisani katikati ya mahubiri akamwambia mchungaji kwamba mayai ya kuku wake yanapasuka, na mchungaji alipofika nyumbani alikuta vifaranga sita, wa saba kichwa nje. Ukibisha, kamuulize Seline. Seline alikuwako siku hiyo, na Seline hakusema uongo ila akiwa sokoni.

Huyu Seline, Mama Apiyo kwa wateja wake, alikuwa mjane wa miaka arobaini na ushei, mkaangaji wa mgongo wazi. Mgongo wazi ni ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwandani mnofu ukishakatwa ukapelekwa ng'ambo, wenye ziwa wakaachiwa uti wa kunyonya. Seline aliukaanga mpaka ukalia kama majani makavu, na hata vizee wasio na jino walitafuna wakaomba chumvi. Mumewe alipofariki mwaka wa themanini na tatu, ndugu zake walikuja kutoka Seme wakabeba gramafoni, kitanda na baiskeli, wakaacha kisanduku cha santuri. Ni sawa na mwizi aliyebeba sufuria akamwaga ugali chini. Seline akabaki na santuri kubwa thelathini na moja na hana pa kuzipigia. Kusoma hakujua. Alizitambua kwa majalada: hii ya mwanamume aliyekalia ngoma, hii ya wasichana watatu waliovaa miwani ya jua, hii iliyomwagikiwa chai siku ya matanga.

Dalmas ndiye aliyekuwa na mashine. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi meli pale bandarini, na mashine aliipata kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anahama Kisumu na jamaa yake yote. Spika zake zilikuwa na ukubwa wa makabati. Zikifunguliwa sawasawa, sahani za jirani zilitembea mezani zenyewe, na bibi mmoja wa nyumba ya nne alipona hapohapo maumivu ya mgongo.

Basi kila Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani na Seline akishamwachia jirani meza yake ya samaki, walikutana kwa Dalmas wapenzi wa jazi. Huku ziwani kila bendi yenye magitaa mawili na mtu wa kulalamika juu yake iliitwa jazi, na hakuna aliyeuliza zaidi. Wengine walikuja wakapotea, lakini nguzo zilikuwa tatu: Dalmas mwenye nyumba, Seline, na Walubengo, fundi cherehani kutoka upande wa Bungoma, mtu mfupi mwenye maneno marefu, aliyependa rumba ya Kongo kuliko ugali wa mama yake. Dorca, mke wa Dalmas, muziki haukumkaa kichwani. Yeye alileta chai na njugu, akaketi akifuma kitambaa, akingoja waondoke.

Ilikuwapo sheria moja. Kila mtu huja na santuri aliyokuwa akiisikiliza wiki hiyo, na kabla haijapigwa lazima aisimulie: amesikia nini kipya ndani yake. Ukisimulia cha wiki jana, santuri yako hairuhusiwi, unakaa unasikiliza za wenzako kama mgeni. Seline alisikiliza zake kwa Walubengo, kwenye gramafoni ndogo iliyokaa kando ya cherehani, akilipia kwa kichwa cha samaki. Halafu Jumapili anasema, kwa mfano, kwamba yule wa ngoma wiki hii amemuudhi, gitaa la pili limenuna, likiulizwa na la kwanza halijibu mpaka karibu na mwisho. Walubengo anamwambia hayo ni mambo ya ndoa, si ya gitaa. Seline anamwambia wewe fundi uliyeachwa na wake wawili, ndoa utaijulia wapi. Dalmas anainua kidole, wote wananyamaza, na kweli gitaa la pili linapitiliza bila kujibu, limenuna.

Dalmas mwenyewe alipenda zaidi santuri moja ya Wamarekani weusi, tarumbeta tupu bila maneno, aliyoikuta ndani ya mashine ya yule Mhindi. Alisema mahali fulani upande wa kwanza, tarumbeta likipumzika, kuna kiti kinalia, mpigaji amebadilisha makalio. Walirudia pale mara kumi na moja. Seline akakisikia mara ya tisa. Walubengo aliapa amekisikia, lakini macho yake yalionyesha hajakisikia hadi leo.

Kikohozi kilianza mwishoni mwa themanini na saba. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki; Dalmas yeye alijaribu kukificha kikohozi chenyewe. Alikikoholea kwenye mto, akakikoholea ndani ya mapipa ya rangi bandarini, hadi Dorca alipoona shati limelegea mabegani kama limetundikwa ukutani. Akamburuta kwenye zahanati. Kifua kikuu, wakaambiwa. Sindano kila asubuhi kwa siku sitini, bila kuruka hata moja, kisha vidonge mpaka mwaka uishe. Sista aliyekuwa akidunga, mama mmoja mnene mwenye mkono mwepesi, alimwambia mapema kwamba masikio yakianza kuvuma aje aseme.

Dalmas alikwenda. Ndani ya wiki tatu jasho la kulala likakauka, akala, mashavu yakarudi. Dorca akaanza kuimba akifua, jambo ambalo Walubengo alisema ni hatari kuliko ugonjwa. Na kila Jumapili mashine ilipigwa kama kawaida.

Jumapili moja, sindano zikiwa zimefika thelathini na sita au saba, ilikuwa zamu ya Dalmas, akaleta tarumbeta lake. Akasimulia vizuri. Walubengo ndiye aliyeweka santuri kwenye mashine, na kwa haraka zake akaiweka upande wa pili. Muziki mwingine kabisa ukaanza. Seline akangoja Dalmas acheke, amtukane fundi, aigeuze. Dalmas alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa taratibu. Ilipofika kama dakika ya nne akainua kidole.

"Sasa hivi," akasema. "Kiti kinakuja."

Walubengo alicheka mpaka akamwaga chai, akidhani ni mzaha. Dorca hakuinua macho kwenye ufumaji wake. Seline peke yake ndiye aliyeona kile kidole kimebaki hewani, hakijui pa kushukia.

Alimfuata nje Dalmas alipokwenda kumwaga majani ya chai. Dalmas hakukana. Alimweleza kwamba ndani ya kichwa chake kuna nyuki wamehamia, wanaanza kuvuma akitoka zahanati na hawalali. Ngoma anaisikia. Sauti nzito ya mwanamume anaisikia. Lakini gitaa la juu, lile linalokimbia, limeondoka. Marehemu mumewe Seline alikuwa wa Seme kama Dalmas, kwa hiyo tangu zamani Dalmas alimwita Seline shemeji na kumtania. Siku hiyo hapakuwa na utani.

"Shemeji, wananitoa kifua wananitia kaburi la masikio," akasema. "Nifanye nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na njia mbili, na zahanati haikuwa mbali, hatua mia tatu hivi. Sista alikuwa amesema aje aseme. Lakini Seline hakuwa mtu wa zahanati, alikuwa mtu wa santuri. Mbele yake alimwona mtu anayesikia mayai yakipasuka, na alifikiri kama watu wote wa ile nyumba walivyofikiri: mtu mwenye masikio kama yale akiyapoteza, kilichobaki ni gunia lililovaa suruali. Tena kifua si kimepona, si amenenepa, si anapanda ngazi za meli bila kupumzika?

"Zipumzishe hizo sindano," akamwambia. "Mwezi mmoja tu. Masikio yakirudi, utamalizia zilizobaki. Dawa si inajua ilipoachia."

Wakaingia ndani, Walubengo akaulizwa, naye akasema hata cherehani hupumzishwa ikipata moto. Ikapita hivyo. Dorca alipinga. Alisema sista amekataza kuruka hata siku moja. Wakamwambia Dorca, mama, wewe husikii muziki, huwezi kujua kinachopotea hapa.

Na hebu fikiria, walipata ushahidi kwamba wao ni waganga. Nyuki wakapungua. Wiki ya tatu Dalmas akasema gitaa limerudi, si lote, lakini anaona mgongo wake likipita. Hizo zilikuwa Jumapili zilizojaa kuliko zote. Watu walikuja mpaka kutoka Nyalenda kumwona mtu aliyeikimbia sindano akanenepa. Walubengo alimshonea suti ya mikono mifupi, nyeupe kama ya rubani. Mwezi ule mmoja ukaisha, ukaja mwingine, na zile sindano ishirini na tatu hakuna aliyezitaja tena.

Mvua kubwa zilipoanza, alitema damu kwenye kopo la rangi.

Seline alikimbilia zahanati kwa miguu yake mwenyewe, aproni ya mafuta kiunoni. Alimweleza sista yote, akingoja kuambiwa kwamba zipo sindano nyingine laini. Sista alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani. Alimwambia kwamba kama Dalmas angekuja ile siku nyuki walipoanza, wangepunguza kipimo, na pengine masikio yangepona nusu. Sasa ugonjwa umejifunza kuikwepa dawa. Ataanza upya, siku sitini nyingine, masikio yaende yakitaka kwenda, na aje kesho wala si kesho kutwa.

Alirudi Kaloleni akamkuta Dalmas amekaa mbele ya spika, sikio limebanwa kwenye kitambaa chake, suti ya rubani mwilini.

"Rudi ukadungwe," Seline akamwambia. "Mimi nilikosea."

Dalmas alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akangoja kiishe. "Ulikosea nini? Umenipa miezi mitatu, shemeji."

"Nimekupa miezi, nimekunyang'anya miaka."

"Miaka ya nini? Ya kukaa hapa nikiwatazama mnavyotikisa vichwa kama mijusi?"

Seline alimwomba kwa jina la marehemu mumewe. Alimwomba kwa watoto wake yeye Dalmas. Alimtishia kwamba ataivunja ile mashine kwa mchi. Kila alipokwenda, Dalmas alikuwa mpole, anamkaribisha kiti, anamwambia santuri gani anaisikiliza wiki hii, na zahanati hakwenda. Neno la kumwachisha sindano lilikuwa limeingia mara moja tu, kama kisu kwenye papai. La kumrudisha liligonga kama kwenye jiwe.

Dalmas alipofika mahali pa kutoweza kusimama, alikuja kaka yake Oketch kutoka Seme na gari la kukodi. Oketch alikuwa na maelezo yake. Dalmas alijenga nyumba ya mabati kule kwao wakati yeye kaka mkubwa angali kwenye nyasi, akamruka, na mdogo akimruka mkubwa kwa kujenga humpata chira, ule ugonjwa wa kukonda unaotokana na kuvunja mwiko. Dawa ilikuwa kwa mzee mmoja wa miti shamba, ng'ambo ya soko la Kombewa. Walimlaza Dalmas nyuma ya gari juu ya godoro. Dorca akaketi miguuni, Seline akapakata kichwa.

Walipokaribia hospitali ya Kombewa Seline aligonga kioo cha dereva, akaomba wasimame. Akagonga tena kwa ngumi. Oketch aligeuka akamwambia kwamba mjane haonyeshi gari njia. Gari lilipita mbele ya lango bila kupunguza mwendo, na Seline aliona wagonjwa wamekaa kwenye benchi juani, wazima kuliko mtu aliyempakata, wakila machungwa. Dalmas alikuwa anamtazama mdomo. Hakusikia kile Seline alichokuwa anakililia. Nyuki walikuwa wamerudi wenyewe, bila hata sindano, au pengine walikuwa hawajaondoka kamwe na yeye aliwadanganya wote kwa wema. Hilo Seline hakulijua, na hakuna wa kumuuliza.

Alikaa siku kumi na mbili kwenye miti shamba. Ya kumi na tatu wakaanza kuchimba.

Matanga yalikuwa makubwa. Ng'ombe waliangushwa watatu. Wengine husema tisa, na kwamba mmoja alisimama tena akatafuta bendi. Kabla ya kuzika watu huinuka mmoja mmoja kusema juu ya marehemu, na wa nyumbani hueleza ugonjwa ulivyokuwa. Oketch akaeleza: mabati, nyasi, mwiko. Watu wakaitikia. Lilikuwa jambo wanalolijua, lina kichwa na mkia, na tayari mzee mmoja alikuwa ameanza kueleza namna ya kuitakasa ile nyumba.

Walipoitwa marafiki wa mjini, Walubengo alitazama viatu vyake. Seline akasimama. Alisema kwamba hakuna mwiko uliomuua huyu mtu. Alikuwa na kifua kikuu kinachopona kwa sindano sitini, akadungwa thelathini na saba, na yeye, Seline, ndiye aliyemwambia aache, ili asikie gitaa.

Kisha mahali fulani nyuma, mwanamke mmoja akacheka, wengine wakamfuata, kicheko kile cha matangani kinachotafuta tundu la kutokea. Oketch alimshukuru mgeni kwa kuwachangamsha wafiwa, akasema watu wa jazi ni watu wa vichekesho, akamwita msemaji mwingine. Ile kweli Seline aliyoibeba tumboni kama mawe ikaanguka pale chini, watu wakaikanyaga wakienda kupokea chakula.

Alikwenda jikoni kusaidia. Dorca alikuwa akipakua nyama kwa kichwa kilichonyolewa, na hakugeuka.

"Mimi nimekuamini, nyieka," Dorca akasema. Hivyo ndivyo wake wa ukoo mmoja wanavyoitana, mke mwenza. "Mwenzangu, kila asubuhi nilimpigia magoti aende. Kila asubuhi. Ananijibu, Seline amesema nipumzike. Mimi mke wake nimesema mara mia. Wewe umesema mara moja."

Akampa sahani apeleke kwa wageni. Seline akaipeleka.

Jumapili zikafa bila tangazo. Dorca aliiuza mashine kwa mwenye baa, akarudi kwao Gem. Seline aliendelea kukaanga mifupa, na kwa karibu miaka minne hakuingia kwenye kibanda cha Walubengo hata kukunjiwa pindo.

Mwaka wa tisini na mbili alipita nje ya kile kibanda akasikia kikohozi ndani ya mlio wa cherehani. Akakitambua kama mtu anavyotambua mwendo wa mdeni wake. Wote watatu, pamoja na Dalmas, walikuwa wamefungiwa chumba kimoja, Jumapili baada ya Jumapili, madirisha yamezibwa ili sauti isitoke. Ajabu ni kwamba hakikuja mapema. Hakubisha hodi. Alimshika fundi kola, sindano ya kushonea ingali mdomoni mwake, akampeleka hivyo hivyo hadi zahanati.

Kwa siku sitini alimchukua kila alfajiri. Walubengo alijaribu maneno, kisha machozi, kisha miguu. Siku ya kumi na nane masikio yalipoanza kuvuma, Seline ndiye aliyekwenda kusema, siku hiyohiyo, na kipimo kikapunguzwa. Lakini kuacha, hapana. Siku ya ishirini na tano Walubengo alitoroka mpaka Luanda Kotieno, akingoja chombo cha kuvuka kwenda Mbita. Seline alimfikia maji yakiwa magotini, na watu wa pwani ile wanaapa kwamba alimbeba mgongoni kutoka pale hadi Kisumu, kilomita karibu mia, bila kumshusha ila mara moja, na hiyo mara moja ni kwa sababu fundi alikuwa anaponda rumba ya Tanzania.

Njiani Walubengo alimwambia neno moja la kweli. "Mama Apiyo, yule alikuwa rafiki yako, ukamwacha na masikio yake. Mimi nimekukosea nini?"

Seline alimwambia atembee.

Walubengo alipona. Vidonge alivimaliza, akanenepa, akapata mke wa tatu. Ngoma anaisikia, na sauti nzito. Gitaa la juu halikurudi, wala sauti za wanawake, na rumba bila gitaa, alimwambia kila aliyeleta nguo, ni kama kula mchuzi kwa uma. Gramafoni alimpa mwenye kioski. Hakumsamehe Seline. Akipita mbele ya karai la samaki anageuza uso upande wa barabara, anakwenda kununua kwa mwingine, samaki mbovu, ghali zaidi. Mke wake wa tatu alijaribu kuwapatanisha, akafukuzwa na wote wawili.

Asubuhi moja ya soko fundi alisimama. Kijasho kilimtoka, si cha ugonjwa, cha kupandisha kilima na mzigo wa vitambaa. Akainama karibu na karai akasema kwa sauti ya viziwi, kubwa kuliko anavyojua, kwamba kila anapoamka anamlaani.

Seline aligeuza mfupa kwenye mafuta. Akamtazama kifuani, shati linavyopanda na kushuka.

"Laani, fundi," akasema. "Pumzi unayo."

Hakusikia. Ilikuwa sauti ya mwanamke. Akasubiri kidogo kuona kama mdomo wa Seline utasema lingine, kisha akatwika mzigo wake akaenda.